Kibofu changu kimelegea, au kina haraka?

"Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 47, mwalimu wa skuli ya msingi hapa Pemba, upande wa Wete. Nimezaa watoto watano, wote kwa njia ya kawaida. Yapata mwaka na nusu sasa mkojo umenitawala. Ukinijia haunipi nafasi. Nikirudi nyumbani, nikitia tu ufunguo mlangoni, nakimbilia msalani huku matone yashatangulia. Nikisikia maji ya mfereji yanamwagika ni hivyo hivyo. Mchana naenda mara 13 au 14, usiku naamka mara 3 au 4. Kabla ya kila kipindi lazima niende kwanza hata kama sijabanwa. Nikipiga chafya au nikicheka sana pia hutoka kidogo. Maji nimeyapunguza, nakunywa gilasi mbili kwa siku, lakini ndiyo kwanza hali imezidi. Duka la dawa wameshanipa vidonge vya UTI mara tatu, hakuna aliyenipima. Mama mkwe anasema ni chango na ananichemshia mizizi. Wifi yangu anasema ni kichocho cha utotoni. Mwenzangu kazini kaniambia kibofu kimelegea kwa uzazi, kinatakiwa kishonwe. Linaloniuma zaidi ni sala, udhu haunikai. Mume wangu hajui. Naweka kipande cha kanga na kukifua usiku. Je, kweli kibofu changu kimelegea? Kuna dawa, au ndiyo niseme uzee umeniingia mapema?"

Waalaykumu ssalaam, dada yangu mwalimu. Nianzie kwenye neno "kimelegea", kwa sababu limekutia hofu na linaweza kukupeleka kwenye tiba isiyokuwa yako. Kwa uliyoyaeleza, kibofu chako hakikulegea. Kina pupa. Kinakamua kabla hujakiruhusu. Kulegea na kuwa na pupa ni maradhi mawili yanayokwenda pande zinazopingana, na dawa ya moja inaweza kumdhuru mwenye jengine. Kwa hiyo nivumilie nikueleze kwanza kiungo hiki kinavyofanya kazi, kisha tuje kwenye matibabu.

Wengi wetu tunakifikiria kibofu kama mfuko wa nailoni: unajaa, unamwagwa, ukichakaa unalegea. Lakini kibofu ni msuli. Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi zinazopita juu na chini, huku na huku, na kwa mshazari, kama chane zinavyopishana kwenye mkoba wa ukili, isipokuwa mkoba huu unanyumbuka. Msuli wenyewe sisi madaktari huuita ditrusa. Kwa mtu mzima kibofu kikijaa hubeba mililita 400 hadi 500, kiasi cha chupa ndogo ya maji ya dukani. Chini yake kuna shingo inayojifunga yenyewe bila ya wewe kufikiri, na chini ya shingo kuna msuli mwengine wa kufunga ambao unautawala, ule unaoubana ukiwa ndani ya gari na choo kiko mbali. Vyote hivyo vimelala juu ya misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandikwa kutoka mfupa wa mbele hadi mfupa wa mkia kama kamba za kitanda.

Figo zako zinatengeneza mkojo usiku na mchana, kwa wastani kama mililita moja kila dakika, na unashuka tone kwa tone. Kibofu kinapopokea matone hayo hakikai tu kikasubiri. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo, usawa wa mbavu za chini na kiuno, inauambia msuli ulainike na utanuke, na papo hapo inaiambia shingo ikaze. Ndiyo maana mkojo unaweza kuongezeka kutoka kijiko hadi kikombe kizima bila presha ya ndani kupanda. Ukifika kama mililita 150 au 200, habari ya kwanza inapelekwa ubongoni kwamba mkojo upo. Ubongo wa mbele unajibu neno moja: bado. Wewe unaendelea kusahihisha madaftari wala hujui kwamba mazungumzo hayo yamepita. Habari inarudi tena baada ya muda, sasa kwa nguvu zaidi, na jibu linakuwa lile lile mpaka utakapofika chooni.

Ukishatulia chooni, amri inageuka. Kituo kilichopo kwenye shina la ubongo kinalegeza mlango kwanza, kisha mishipa ya fahamu inayotoka chini kabisa ya mgongo inamwaga kwenye msuli kemikali iitwayo asetilikolini, nao unakamua wote kwa pamoja mpaka kibofu kiwe kitupu. Ikumbuke kemikali hiyo, nitairudia kwenye vidonge.

Mtoto mchanga hana "bado". Kibofu chake kikijaa kinakamua, basi. Neno hilo hufundishwa, na huchukua miaka miwili, mitatu, minne ya malezi na nepi mpaka ubongo ulimiliki. Katika maradhi yako, kwa namna ninavyoyasoma, "bado" imepungua nguvu. Msuli unaanza kukamua wakati kibofu kina mililita 100 tu, pengine chini ya hapo, na mkamuo huo ndio unaousikia kama kubanwa kwa ghafla kusikokupa nafasi. Ukikimbia ukafika ukatoa kidogo tu, si kwa sababu kibofu kimekuwa kidogo; kilikuwa hakijajaa.

Na ule ufunguo? Hilo ni la kawaida mno, nalisikia kila wiki. Wewe ni mwalimu, unajua watoto wanavyoanza kufunga mikoba kabla kengele haijalia, kwa kuisikia tu hatua ya anayekwenda kuipiga. Ubongo wako umeshazoea kwamba baada ya ufunguo kuna choo, baada ya sauti ya maji kuna choo, na msuli unaanza kazi mapema. Hukurogwa na huna ugonjwa wa akili. Ni mazoea, na mazoea hufundishika upya.

Kwa nini ilianza? Kwa wanawake wengi wa umri wako hatupati sababu moja ya kuishika mkononi. Homoni za kike zinaanza kupungua karibu na kukoma hedhi, na ngozi ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na nyepesi kukereka. Choo kikubwa kikifunga, kinakikandamiza kibofu kwa nyuma. Kiharusi, maradhi ya kutetemeka ya Parkinson na majeraha ya uti wa mgongo pia hukata lile neno "bado" njiani, lakini hayo huja na dalili nyengine ambazo hukuzitaja.

Matone ya chafya ni jambo la pembeni kidogo, na hapa mwenzako wa kazini amegusa ukweli. Uzazi mara tano umelegeza kitu: zile kamba za kitanda. Ukipiga chafya, presha ya tumbo inapanda ghafla na kusukuma chini kwa kishindo, kamba hazikushikilia vya kutosha, mlango unapenyeza. Kwa hiyo una mambo mawili kwa pamoja, kama walivyo wanawake wengi. Upasuaji upo, lakini ni wa tatizo hili la pili, nalo likiwa kubwa na mazoezi yameshindwa. Pupa ya msuli haishonwi, na kwa baadhi ya wanawake huzidi baada ya operesheni. Usikubali kushonwa kwa sababu ya ufunguo wa mlangoni.

Sasa maji. Umefanya ambalo kila mtu mwenye akili angelifanya, na ndilo lililokuharibia. Gilasi mbili kwa siku kwenye joto la Pemba hutoa mkojo mzito wa rangi ya chai ya mkandaa, na mkojo mzito unaikera ngozi ya ndani ya kibofu, nacho kinazidi kukamua. Unajiletea choo kigumu, na unajiongezea nafasi ya kupata UTI ya kweli. Rudisha maji taratibu, gilasi 6 hadi 8 kwa siku, zigawe kuanzia asubuhi, na upunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Cha kupunguza ni kahawa na chai ya rangi nzito, kwa sababu kafeini huongeza mkojo na huamsha msuli. Kikombe kimoja asubuhi sikukatazi. Na kile cha baada ya isha ndicho cha kukiacha.

Jengine ni kule kwenda kabla ya kila kipindi hata kama hujabanwa. Kila ukikimwaga kibofu chenye mililita 80, unakifundisha kwamba 80 ndiyo shibe. Baada ya miezi kinakupigia kelele kwenye 80. Sikulaumu, kusimama mbele ya watoto arubaini ukiwa na hofu hiyo si jambo dogo. Lakini tabia hii lazima tuiondoe, na nitakueleza namna.

Niwageukie waliokushauri. Vidonge vya UTI mara tatu bila kipimo, hilo limenikera. UTI ya kawaida huja kwa siku chache, mkojo unachoma, unanuka, pengine tumbo la chini linauma, na ikitibiwa inaondoka. Haikai mwaka na nusu ikisubiri ufunguo. Kupimwa mkojo ni haki yako kabla hujameza antibayotiki nyengine, kwa sababu vidonge visivyo na kazi vinawafundisha vijidudu kuvumilia dawa, na siku utakayoihitaji haitakusaidia. Mama mkwe anakutakia kheri, mshukuru kwa ulimi mzuri. Ila iweke kando mizizi mpaka upimwe, maana mimea mengine huongeza mkojo na sisi tukashindwa kujua lipi limeletwa na ugonjwa na lipi na sufuria.

Wifi yako, lakini, msikilize. Visiwa vyetu vimeishi na kichocho muda mrefu, na Pemba yenye mito na madimbwi mengi imeumia. Minyoo hii huingia mwilini kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji yasiyo ya chumvi yenye konokono wake, ikasafiri, ikaenda kukaa kwenye mishipa midogo ya damu inayokizunguka kibofu. Tatizo kubwa ni mayai yake. Mengine hutoboa ukuta wa kibofu yakatoka na mkojo, ndiyo ile damu ya mwisho wa mkojo ambayo wazee wetu waliiona kama dalili ya kawaida ya mtoto wa kiume kukua. Mengine yananasa ukutani humo humo. Mwili unayazungushia kovu, na mwaka baada ya mwaka ule mkoba laini wa ukili unakuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa, haunyumbuki tena. Kibofu cha namna hiyo kinakuwa kidogo kwelikweli, na baada ya miaka mingi kinaweza kuota saratani. Kwa wanawake mayai hufika pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda na damu vinavyodhaniwa maradhi ya zinaa.

Tangu mwaka 2012 Zanzibar imekuwa na mpango wa kukitokomeza kichocho kwa kugawa prazikwanteli, dawa ya minyoo hiyo, maskulini na mitaani, na kimepungua sana. Utoto wako wewe ulikuwa kabla ya hapo. Kwa hiyo kipimo cha mkojo wa kichocho nakitaka, na ukipeleke kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi zaidi. Kikionekana, dawa ni vidonge vinavyopimwa kwa uzito wako, huwa dozi ya siku moja. Uliponiandikia hukutaja damu wala maumivu, ndiyo maana sikiweki kichocho mbele. Siwezi pia kukiondoa kwa barua.

Nilisema dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kumdhuru mwenye mwengine. Miaka kadhaa nyuma aliletwa kwangu mzee mmoja mvuvi. Alikuwa analalamika kama wewe, anakojoa kila mara, kidogo kidogo. Jirani akampa vidonge alivyoandikiwa mkewe kwa kibofu chenye pupa. Usiku ule mkojo ukakatika kabisa. Nilipomwekea mkono chini ya kitovu, tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, gumu kama dafu, na kila nikiligusa alikuwa anaushika mkono wangu. Tulipompitisha mpira wa mkojo ilitoka zaidi ya lita moja. Tezi dume ilikuwa imeubana mlango kwa miaka, msuli wake ulikuwa umechoka kusukuma, na alichokuwa anakojoa kila mara ni kilichofurika tu kama maji ya pipa lililojaa. Vidonge vile vilimaliza nguvu ndogo aliyobaki nayo.

Huo ndio ulegevu wa kweli wa kibofu. Huwapata wanaume wenye tezi dume iliyovimba, watu wenye kisukari cha muda mrefu ambao mishipa yao ya fahamu imekufa ganzi, na wakati mwengine mtu anayemeza dawa za mafua zenye klorofeniramini, hizi tunazoziita piritoni, wakati msuli wake tayari ni dhaifu. Dalili zake ni mkojo mwembamba unaosuasua, kusukuma kwa tumbo, na kuhisi hujamaliza. Wewe hukutaja hata moja. Hata hivyo kabla ya kidonge chochote nataka upigwe ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa, kuona kilichobaki ndani. Kikiwa kidogo, tuna njia iliyo wazi. Kikizidi kama mililita 150, tunasimama na kutafuta sababu.

Matibabu yanaanzia kwenye daftari. Chukua daftari la skuli, piga mistari minne: saa, nilichokunywa, nilichokojoa, nilivyobanwa. Nunua jagi la plastiki lenye alama za kupimia, liweke msalani, lisitumike kwa kazi nyengine. Kwa siku tatu mfululizo, pamoja na moja ya kutokwenda kazini, andika kila kikombe na kila mkojo, na uweke alama pale ulipovuja. Ukikuta unatoa mililita 80, 100, 120 kila mara, pupa imejionesha yenyewe. Ukikuta 350 kila mara na jumla inapita lita 3, basi tatizo halipo kwenye kibofu, na kisukari kipimwe siku hiyo hiyo. Kwa usiku angalia kitu kimoja zaidi: kama miguu yako huvimba jioni, maji hayo hurudi kwenye damu ukilala na kugeuka mkojo. Kuinyanyua miguu kwa muda wa saa moja baada ya alasiri hupunguza kuamka.

Baada ya hapo tunakifundisha kibofu "bado" upya. Angalia daftari, upate muda wa wastani kati ya kwenda na kwenda. Tuseme ni saa moja. Wiki ya kwanza unakwenda kila baada ya saa moja, ubanwe usibanwe. Wiki ya pili saa moja na robo. Unaongeza dakika 15 kila wiki, na ukishindwa unabaki hapo wiki nyengine bila kujilaumu. Anza siku za mapumziko, nyumbani, choo kikiwa karibu. Pupa ikikujia kabla ya wakati, usikimbie. Mbio zinatikisa tumbo, zinaongeza hofu, na unafika mlangoni wakati msuli umekamua kwa nguvu zake zote. Simama, au kaa kwenye kiti kigumu. Bana misuli ya chini haraka haraka mara tano au sita, vuta pumzi, hesabu kurudi nyuma kutoka 50. Kubana huko kunapeleka habari kwenye uti wa mgongo ya kuuzuia msuli wa kibofu, na mkamuo utapanda, utafika kileleni, utashuka. Ukishashuka ndiyo utembee chooni, mwendo wa kawaida. Mara chache za mwanzo utavuja. Vaa pedi, endelea.

Misuli hiyo ya chini inahitaji mazoezi yake pekee. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo tiba tunayoanza nayo kwa mwanamke mwenye matone ya chafya. Bana kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, uhisi kitu kinavutwa ndani na juu. Tumbo lisikaze, makalio yasikaze, pumzi usiizuie. Shikilia kwa kuhesabu 5, baadaye 10, kisha pumzika muda ule ule. Mara 8, na ufanye hivyo mara tatu kila siku. Hakuna atakayejua, unaweza kufanya umekaa ofisini unasahihisha. Usiyafanye kwa kukata mkojo katikati kila siku, hilo hukichanganya kibofu. Na chafya ikikujia, bana kabla haijatoka. Miezi mitatu ndiyo kipimo cha haki. Wiki mbili hazitoshi kusema yameshindwa.

Wengi hupata nafuu kubwa hapo, bila kidonge. Usipopata, dawa zipo. Kundi la kwanza, mfano oksibutinini, tolterodini na solifenasini, huizuia ile asetilikolini isiufikie msuli. Zinasaidia, lakini kemikali hiyo hufanya kazi kwengine pia, ndiyo maana mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu na macho huweza kuona ukungu. Kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa, na mwenye presha ya macho ya aina fulani hazimfai. Kundi la pili ni mirabegroni, ambayo badala ya kuzuia mkamuo huongeza sauti ya ile mishipa ya fahamu inayouambia msuli utulie. Haikaushi mdomo sana, ila huweza kupandisha presha ya damu, na bei yake uiulize kabla hujaandikiwa. Ukikoma hedhi, krimu ya homoni ya kupaka ukeni nayo husaidia baadhi ya wanawake. Mbele zaidi kuna sindano za botoksi, dawa ya kuulegeza msuli, ndani ya ukuta wa kibofu, na kuamsha mishipa ya fahamu kwa umeme mdogo. Sidhani kama utafika huko.

Kuna hali ambazo hazisubiri daftari, na ningeomba uwasomee na majirani. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na hata bila maumivu, iende hospitali. Mkojo uliokatika kabisa na tumbo limejaa ni dharura ya saa hiyo. Miguu kuishiwa nguvu ghafla, au ganzi sehemu unayokalia, pamoja na kupoteza mkojo au choo, ni uti wa mgongo unabanwa, na kila saa ina thamani. Homa na maumivu ya ubavuni ni figo. Na mwanamke anayetiririka mkojo mfululizo, usiku na mchana, tangu alipojifungua kwa tabu au kupasuliwa, huyo hana pupa wala ulegevu. Ana tundu baina ya kibofu na uke, fistula, nayo inazibika kwa upasuaji. Asifungiwe chumbani.

Wewe nenda kwanza hospitali ya Wete na daftari lako. Omba kipimo cha mkojo, cha kichocho na cha sukari, na useme wazi kwamba unataka kuangaliwa mkojo unaobaki. Wasipoweza, waandike rufaa hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani. Ukiona haya kumweleza daktari mwanamme, omba muuguzi wa kike akae nawe. Hakuna utakalolisema ambalo hatujalisikia.

Kuhusu sala, mimi si sheikh. Ninachojua ni kwamba wanavyuoni wamemzungumza kwa kirefu mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo, na namna atakavyotawadha wakati wa sala ukishaingia. Muulize unayemwamini, au umtume mumeo akuulizie, ambayo itakuwa njia nyepesi ya kumfungulia mazungumzo. Mtu anayelala ubavuni mwako ameshaona unaamka mara nne. Pengine ana hofu kubwa kuliko ukweli wenyewe.

Ila sala inaweza kukusaidia kwenye mafunzo pia. Kati ya adhuhuri na alasiri pana saa tatu na kitu. Kibofu kilicho na afya kinalivuka pengo hilo bila kwenda msalani katikati. Lifanye ndilo lengo lako la mwisho. Hutalifikia mwezi huu. Wiki ya kwanza utasimama njiani mara tatu, baadaye mara mbili, kisha mara moja. Ukiivuka adhuhuri hadi alasiri siku tatu mfululizo, niandikie tena, na uniambie daftari limesoma mililita ngapi.